Mwalimu Nyerere: Mlei Aliyeibeba Imani Yake hadi Ikulu

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda bara hawezi kuikwepa Chalinze kwa urahisi. Hapo ndipo barabara kuu hugawanyika: mkono mmoja huelekea Morogoro, Dodoma na nyanda za juu, na mkono mwingine hupinda kaskazini kwenda Msata, Segera, Tanga na Moshi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupumzika hapo usiku kucha, na mabasi husimama abiria wanunue machungwa na maji. Siku hizi kuna jambo jingine linaloifanya Chalinze ijulikane nchini. Umeme unaozalishwa katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, bwawa lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha kupoza umeme cha Chalinze, na kutoka hapo huingizwa katika gridi ya Taifa. Jina la Mwalimu, tunaweza kusema, linapita juu ya vichwa vyetu kila siku.

Lakini jina lililoandikwa juu ya bwawa, uwanja wa ndege na noti ya shilingi elfu moja hugeuka upesi kuwa jina la sanamu. Sisi tungependa kumrudia mtu mwenyewe, tena kwa upande ambao vitabu vya historia huupitia haraka: Mkristo mlei, mume na baba, aliyeishi imani yake katikati ya siasa, katika nchi ambayo Serikali yake haina dini na ambayo majirani wa ukuta kwa ukuta huswali msikitini, husali kanisani au hutambika chini ya mti. Ndiyo hali ya waamini wetu wa Chalinze, Lugoba, Msata na Miono. Wakwere, Wazigua na Wadoe wa sehemu hizi kwa wingi wao ni Waislamu, na Mkatoliki hapa hujifunza tangu utotoni kwamba imani haiwezi kutegemea wingi wa wanaoishika.

Kambarage alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo. Jina la Kambarage lilikuwa la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha siku aliyozaliwa. Hakuzaliwa basi katika familia ya Kikristo. Hakubatizwa akiwa mchanga, wala hakurithi imani kama mtu anavyorithi shamba. Alichunga mbuzi wa baba yake hadi alipotimiza miaka 12, ndipo alipopelekwa katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Huko rafiki yake wa shule alianza kumpeleka kwenye mafundisho ya dini ya Mapadre Weupe, wale tunaowaita leo Wamisionari wa Afrika. Kijana akavutiwa. Akaendelea na mafundisho, akaenda Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, akasoma humo hadi mwaka 1942, akisali na wenzake Wakatoliki ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado mkatekumeni.

Kwa nini alikawia hivyo? Mzee Burito alikuwa mtemi wa kimila mwenye wake wengi, naye mtoto hakutaka kuingia ubatizo kama anayemkana baba yake. Mtemi alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943 Kambarage akabatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Alikuwa na umri wa miaka 21. Miaka mingi baadaye alisema kwamba haikuwa na maana kumlazimisha Mwafrika achukue jina la kigeni anapobatizwa, na wengi wetu tunaotafuta majina ya watoto ubatizoni tutamwelewa. Hata hivyo jina alilibeba, na lile la mzimu wa mvua hakulitupa. Alibaki Julius Kambarage hadi kaburini.

Mwaka huo wa 1943 alikuwa ameingia Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Pamoja na midahalo na insha alizoshindania, alianzisha hapo tawi la Utendaji wa Kikatoliki, chama cha walei waliotaka kuitafakari imani yao pamoja na masomo yao. Alipomaliza mwaka 1945 alikuwa na milango miwili: shule ya Serikali na shule ya misioni ya Mtakatifu Maria, zote mbili Tabora. Serikali ilimwonya kwamba miaka atakayofundisha misioni haitahesabiwa katika pensheni. Akaenda misioni. Wapo wanaosema ulikuwa ukaidi wa ujana tu, maana hakupenda kutishwa, na huenda wana sehemu ya kweli. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba tangu wakati huo mtu huyu hakuwahi kuongozwa na hesabu ya mshahara.

Padre Richard Walsh, mkuu wa shule ile ya Mtakatifu Maria, aliona kipaji chake, akahangaika pamoja na wengine apate nafasi ya kwenda ng'ambo. Mwaka 1949 Julius akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada. Watu wengi wa rika lake waliokwenda Ulaya kusoma waliiacha dini kwenye meli. Walikuta huko wasomi walioiona imani kuwa ni mambo ya wazee na watoto, nao wakadhani kwamba kuendelea ni kuacha kusali. Nyerere alisoma falsafa, historia na uchumi, akasoma waandishi walioukosoa ukoloni na ubepari, akarudi nyumbani akiwa bado mtu wa Misa. Tarehe 24 Januari 1953 alifunga ndoa kanisani Musoma na Maria Gabriel Magige, mwalimu mwenzake. Mwana wa mtemi mwenye wake 22 alichagua mke mmoja, akaishi naye hadi kifo, wakajaliwa watoto wanane. Jambo hilo linasemwa kwa sentensi moja katika vitabu. Katika nyumba za Wazanaki wa wakati ule halikuwa dogo hata kidogo.

Mwaka huo wa 1953 alikuwa ameanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Hapa ndipo pwani yetu inapoingia katika maisha yake, na pwani hii ilikuwa ya Kiislamu. Jumamosi na Jumapili alishuka kutoka Pugu hadi mjini, umbali wa kilomita zipatazo 20, aghalabu kwa miguu, kukutana na wazee wa Kariakoo na Gerezani. Waliompokea, wakamlisha, wakamtambulisha kwa watu na kumwachia nafasi ya uongozi walikuwa wengi wao Waislamu: kina Abdulwahid Sykes na wenzake. Dossa Aziz, ambaye baadaye aliishi Mlandizi, kwenye barabara yetu hii ya Chalinze, alitoa gari lake la Landrover litumike kwa kazi za chama. Huko Bagamoyo, Sheikh Mohamed Ramiya, kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, alikuwa miongoni mwa viongozi wa TANU.

Tuseme neno juu ya Bagamoyo, maana ni jirani yetu na ni mama yetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kutoka hapo injili ikapanda bara, ikafika Mhonda, kisha Mandera mwaka 1881, na vikaribati vya baadaye. Lakini mjini humohumo, kwa Waislamu, baba yake Sheikh Mohamed, yule Shehe Ramiya wa kwanza, naye alikuwa ametoka utumwani, mtoto aliyeletwa kutoka Umanyema, akawa mwanachuoni aliyeheshimiwa na mji mzima. Nyumba mbili za sala katika mji mmoja, zote zikibeba kumbukumbu ya mnyororo uleule. Mwalimu Mkatoliki aliyekwenda kuomba kuungwa mkono katika mji wa namna hiyo hakuweza kusimama na kuzungumza kama mjumbe wa misioni. Alipaswa kuzungumza juu ya utu, jambo ambalo kila mmoja pale alilijua kwa uchungu wa ukoo wake.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 Nyerere akasafiri kwenda New York kulitetea taifa lake mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, akatakiwa achague: siasa au ualimu. Alikuwa na mke na watoto wachanga, na mshahara wa Pugu ndio uliokuwa chakula chao. Akaacha kazi. Kwa muda akarudi Musoma, na huko alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Tunapenda kukaa kidogo katika miezi ile. Mtu aliyetoka kuzungumza na mataifa yuko kwenye meza ya padre kijijini, anatafuta neno la Kizanaki la kusemea neema. Hakuna picha yake ya wakati ule iliyotundikwa ofisini mwa mtu yeyote, lakini ni pale alipojifunza, kwa kadiri tunavyoona, kazi iliyomkalia moyoni hadi uzeeni: kulitafutia Neno la Mungu lugha ya watu.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Miezi miwili kabla yake, katika mjadala wa Bunge juu ya uraia, wapo waliotaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa rangi ya ngozi. Nyerere aliwapinga kwa ukali usio wa kawaida, akasema kwamba Serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali sheria ya namna hiyo. Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, aliiacha nafasi ya uwaziri mkuu kwa Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchini kukijenga chama. Kisha Jamhuri ikaja, tarehe 9 Desemba 1962, naye akawa Rais wake wa kwanza.

Sasa ndipo jaribio lenyewe lilipoanza. Wakatoliki wengi, na hata baadhi ya viongozi wa Kanisa, walidhani kwamba Rais Mkatoliki ni bahati ya Wakatoliki. Yeye alidhani vingine. Aliamini kwamba Serikali haipaswi kuwa na dini, ingawa raia wake wanayo, na kwamba Mkristo akikabidhiwa Serikali amekabidhiwa mali ya wote, na akiielekeza kwa watu wa dini yake ameiba. Ikulu hakuifanya kanisa. Kanisani nako hakuenda kama Rais: watu wa parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, walizoea kumwona katika Misa ya asubuhi ya siku za juma, akiwa kati ya waamini wengine, akiungama na kukomunika kama wao. Alianza siku yake mbele ya altare, kisha akaenda kufanya kazi ambayo jina la Yesu halikutajwa ndani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulifundisha kwamba walei wanaitwa kuyatakatifuza malimwengu kutoka ndani, kama chachu katika unga. Nyerere alikuwa akijaribu jambo hilohilo wakati maaskofu walipokuwa bado wanalijadili Roma.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wiki saba baadaye, tarehe 26 Machi, Papa Paulo VI akatoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, ambao ndani yake alionya juu ya tamaa ya mali na juu ya tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Hatusemi kwamba mmoja alimfuata mwingine. Tunasema tu kwamba msomaji wa hati hizo mbili haoni kwamba ametoka nchi moja na kuingia nyingine. Azimio liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupangisha nyumba na kuwa na mishahara miwili. Mwaka uliotangulia Mwalimu alikuwa amekwisha kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1968 maaskofu Wakatoliki wa Tanzania wakatoa barua ya kichungaji juu ya Kanisa na jamii, wakiyapokea mengi ya yale yaliyokuwa yakitafutwa. Na mwezi Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Mwalimu aliliambia Kanisa lake mwenyewe maneno mazito: kwamba lisiposimama pamoja na maskini katika kuukataa umaskini na miundo inayouzaa, watu watalihesabu kuwa upande wa wanaowakandamiza. Alisema hivyo kama mtoto wa nyumbani, naye hakujificha nyuma ya cheo chake.

Lakini kuna jambo lililoliumiza Kanisa zaidi ya hotuba. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule zilizokuwa za misioni. Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyomwajiri na kumpeleka Edinburgh, ilitwaliwa. Pugu, alikofundisha, ikatwaliwa. Seminari tu ndizo zilizoachwa. Mwaka 1972 Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyojengwa kwa jasho la maaskofu na kufunguliwa mwaka uliotangulia, nayo ikaingia mikononi mwa Serikali, isirudi hadi mwaka 1985. Mapadre na masista waliokuwa wamezika ujana wao katika majengo yale walikabidhi funguo.

Tukitaka kuelewa sababu, hatuna haja ya kwenda mbali. Twende Lugoba au Kiwangwa ya miaka ile. Sehemu kubwa ya shule nzuri nchini zilikuwa za makanisa, na mzazi Mwislamu wa pwani aliyeogopa kwamba mwanawe atarudi nyumbani amebatizwa alimbakisha madrasa. Matokeo yake yalikuwa kwamba taifa jipya lilipohitaji makarani, waganga na mabwana shamba, liliwapata kwa wingi kule ambako misioni ilikuwa imestawi, na watoto wa pwani wakabaki nyuma. Rais Mkatoliki aliliona jambo hilo kuwa dhuluma, hata kama hakuna aliyelikusudia. Akachukua shule za waliomlea ili mtoto wa Sheikh na mtoto wa katekista wakae dawati moja. Tumewahi kusikia jambo hili likisimuliwa kama usaliti. Sisi hatulioni hivyo, ingawa hatutaki kuficha kwamba utekelezaji wake ulishusha ubora wa shule nyingi, na kwamba Serikali ilichukua mzigo ambao baadaye iliushindwa. Swali analotuachia bado linauma: je, tungekubali Mkristo mwenzetu mwenye madaraka atunyime upendeleo kwa sababu ya Ukristo wake?

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani tunaandika maisha ya mtakatifu asiye na doa. Haiko hivyo, na wale wanaofanya kazi ya kuchunguza maisha yake hawawezi kuyapita haya. Sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kuwashtaki mahakamani ilitumika katika utawala wake wote. Watu walikaa ndani miaka, wengine bila kujua kosa lao, na wake zao wakalea watoto peke yao. Vyama vya upinzani vilifutwa. Vijiji vya ujamaa, ambavyo mwanzoni alisisitiza viwe vya hiari, vikageuka kuwa operesheni. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mkoa wetu wa Pwani nao haukusalimika. Mtu aliyeacha minazi na miembe ya babu yake, akashushwa kwenye uwanja mtupu mvua zikikaribia, hakuuona udugu katika jambo lile. Ukame wa miaka hiyo ukaongeza njaa, na nchi ya wakulima ikaagiza nafaka kutoka nje.

Je, alijua? Mengine alijua, mengine aliletewa yakiwa yamepakwa rangi na wakuu wa mikoa waliotaka sifa. Kiongozi hawezi kujificha nyuma ya hilo, na Mwalimu hakufanya hivyo kwa namna ya wanasiasa wengi. Baada ya kung'atuka alikiri hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba kulikuwa na makosa, akayataja baadhi, pamoja na kufutwa kwa vyama vya ushirika na serikali za mitaa. Mengine aliyatetea hadi mwisho. Mkristo anayejua sakramenti ya kitubio atatambua kwamba kukiri kosa hakufuti jeraha la aliyejeruhiwa. Wapo wazee ambao hawajamsamehe, nao wana haki ya kusikilizwa na Kanisa kama sisi tunaompenda.

Tarehe 5 Novemba 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari yake, akamwachia Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu aliyezaliwa katika mkoa huu wetu wa Pwani. Barani Afrika wakati huo marais waliokuwa wakitoka madarakani wakiwa hai na huru walikuwa wa kuhesabika. Hakuondoka na utajiri. Akarudi Butiama kulima, ingawa dunia haikumwacha: aliongoza Tume ya Kusini, na kuanzia mwaka 1996 akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, akiwakalisha Arusha watu waliokuwa wakiuana. Alipoona miaka ya tisini kwamba dini na kabila vimeanza kutumiwa kutafutia kura, aliwakemea wazi wanasiasa wa chama chake mwenyewe.

Kazi ambayo sisi tunaihesabu kuwa kilele cha maisha yake ya kiimani haikuwa ya kisiasa. Mwaka 1996 matbaa ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho ilichapa vitabu vyake vya tenzi: Injili nne, za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na Matendo ya Mitume, vyote vikiwa katika mashairi ya Kiswahili. Alikuwa amekwisha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa Rais, na wapenzi wa fasihi wanazijua. Tenzi zile hazijulikani vya kutosha. Utenzi ni umbo lililokuzwa na Waislamu wa pwani, kuanzia Lamu na Pate hadi Tanga, Pangani na Bagamoyo, kwa kusimulia maisha ya Mtume Muhammad, vita vya masahaba na mawaidha ya wazazi kwa watoto. Beti fupi, mizani minane, vina vinavyorejea hadi msikilizaji anaimba bila kujua. Mwalimu alichukua chombo hicho alichokirithi kutoka kwa majirani zake, akakijaza habari za Mwana wa seremala. Maelfu ya beti, yaliyotungwa na mzee aliyekwisha kuongoza nchi, aliyeweza kuandika kumbukumbu za kujisifu na kulipwa vizuri na wachapaji wa Ulaya. Tulipozisoma mara ya kwanza kwa sauti, katika jumuiya ndogondogo, jirani Mwislamu aliyepita njia alisimama kusikiliza hadi mwisho wa sura, kwa kuwa mahadhi aliyajua tangu utoto.

Mwalimu aliugua saratani ya damu, akafariki katika Hospitali ya St Thomas', London, tarehe 14 Oktoba 1999. Watu walijipanga barabarani Dar es Salaam kuupokea mwili wake, Waislamu na Wakristo, na wengine walilia kama waliofiwa na mzazi. Akazikwa Butiama, tarehe 23 mwezi huohuo, si mbali na mahali alipochungia mbuzi. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na tangu hapo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo huchukua muda, na ni vizuri uchukue, maana kuna mafaili mengi ya kusoma na mashahidi wa kuwasikia, wakiwemo wale wa kizuizini na wa operesheni.

Wakati huo waamini hawakungoja. Kila tarehe 1 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji hukusanyika Namugongo kumwombea, na Waganda, ambao vita vya mwaka 1978 na 1979 vinawafanya wamkumbuke kwa namna yao, huwa miongoni mwao. Watokao Dar es Salaam na parokia za pwani huanza safari yao mwishoni mwa Mei. Mabasi yao husimama Chalinze alfajiri, watu wakinyoosha miguu na kununua machungwa, rozari zikiwa shingoni, huku muadhini wa msikiti wa jirani akiita watu kwa swala ya asubuhi.